Shangazi, debe la mahindi ya shule liko ndani kwangu na sijui nalirudishaje

Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu, niko kijijini wilaya ya Kongwa, nalima alizeti, mtama na mahindi kidogo, naomba jina langu usilitoe maana huku tunajuana mpaka mbuzi wa nani kalala kwa nani.

Mwaka jana kwenye mkutano wa wazazi walinichagua niingie kamati ya shule yetu ya msingi. Sikuomba, walisema wanataka mama anayejua kusoma na asiyeogopa kuongea, watu wakanyoosha mikono, basi nikawa mjumbe. Tangu siku hiyo hamna mtu aliyenikalisha chini akaniambia kazi ya mjumbe ni nini na mwisho wake uko wapi. Hamna karatasi, hamna semina hata ya nusu siku. Kikao cha kwanza wanaongea ruzuku, mara leja, mara FFARS, mi naitikia kama wenzangu wanavyoitikia, nikajua labda ndo kazi yenyewe.

Sasa shangazi, mwezi wa saba baada ya mavuno wazazi walichanga chakula cha wanafunzi, debe moja la mahindi kwa kila mtoto. Shule ina watoto kama 300, walioleta ni 240, tukapima tukapata magunia 40, yakaingia stoo. Uji wanakunywa wote, hata ambao kwao hawakuleta, hilo tulikubaliana na nilifurahi kweli. Jioni tulipomaliza kupima mwenyekiti akasema sisi wajumbe hatulipwi posho, tunaacha mashamba yetu tunahangaikia watoto wa watu, basi kila mjumbe achukue debe moja la kusema asante. Wajumbe tuko tisa, yeye akachukua mawili, jumla kumi. Mi nililibeba. Nakwambia ukweli nililibeba kichwani mpaka nyumbani na nilikuwa nafurahi maana mwaka huu mvua zilikatika mapema mahindi yangu hayakushika.

Wiki mbili zilizopita mwanangu wa darasa la nne karudi akasema mama uji siku hizi mwepesi, mwalimu kasema tunabana ili mahindi yafike Desemba. Nikaangalia lile debe pembeni ya kinu. Sijalisaga mpaka leo, wala siwezi kulisaga.

La pili. Shule ilipata hela za vyoo. Mwezi uliopita nimetoka msibani Mpwapwa nilikokaa siku nne, nafika mwalimu mkuu ananiletea muhtasari wa kikao nisaini, kumbe kikao kimekaa nikiwa msibani na jina langu liko kwenye waliohudhuria, namba 6. Nikamwambia mwalimu mbona sikuwepo, akasema mama ni utaratibu tu, akidi, yani idadi ya wajumbe wanaotakiwa, ilikuwa haitoshi, ukikataa hela zinarudi Hazina watoto wanaendelea kujisaidia vichakani. Nikasaini.

La tatu ndo linaniumiza zaidi. Kwenye huo muhtasari kamati imepitisha mchanga na kokoto za vyoo ziletwe na mdogo wake mume wangu, ana pawatila na tela. Shemeji ni mtu mzuri, anachapa kazi, lakini bei niliyoiona pale si bei anayowauzia watu wengine hapa kijijini. Nimemwambia baba watoto, akasema hela imebaki nyumbani, we unataka nini, unataka nimgombanishe mdogo wangu na serikali? Toka siku hiyo nyumbani hamna maongezi, ni salamu tu na chakula mezani.

Shangazi mi nimeharibu? Nijiuzulu nipumzike? Na kama nikibaki naanzia wapi wakati hata hiyo kazi yenyewe sijafundishwa?

Mama wa watatu, Kongwa

Majibu ya Shangazi

Marahaba mwanangu, na mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, huko nyumbani. Barua yako nimeisoma mara tatu. Na kabla sijasema lolote nikujibu hilo la kujiuzulu kwanza maana nahisi ndo unalolala nalo, usijiuzulu. Ukitoka leo lile jina lako namba 6 linabaki palepale, debe linabaki kwako, na kiti chako anakaa mtu ambaye uji mwepesi haumnyimi usingizi. We umenyimwa usingizi, kwa hiyo kaa.

Nikwambie kitu changu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mjumbe wa bodi ya sekondari moja hapa Dodoma, sitaitaja. Nikawekwa kamati ya mapokezi, yani sisi ndo tunahesabu vifaa vya ujenzi vinavyoingia. Siku hiyo jua kali la Dodoma lile mnalijua, gari la saruji limefika saa nane mchana, dereva ana haraka, karatasi inasema mifuko 100, nikasaini nikiwa nimesimama kivulini nje ya ofisi bila kufika stoo. Kesho yake fundi akaja ananiuliza, mama mbona iko 86? Mifuko 14. Hakuna aliyeniuliza kwa ubaya, lakini sahihi ilikuwa yangu, sio ya dereva wala ya mkuu wa shule. Nilisimama mbele ya bodi nikasema nilisaini sijahesabu. Mdomo ulikauka. Ila tulipoanza kusema ndipo ile mifuko ikaanza kutafutwa, kabla ya hapo kila mtu alikuwa anamwangalia mwenzake. Ndo maana barua yako imenigusa, najua ile hali ya kuambiwa saini hapa ni utaratibu tu.

Mwanangu hakuna utaratibu unaomtaka mtu aliyekuwa msibani Mpwapwa awe kikaoni Kongwa siku hiyohiyo. Akidi isipotimia kikao kinaahirishwa, kinaitwa tena, hata keshokutwa. Na hayo maneno ya hela kurudi Hazina, ni kweli hela isiyotumika hadi mwaka wa serikali unafungwa Juni 30 huwa na kizungumkuti chake, ila saizi ni Septemba. Mlikuwa na muda wa kukaa hata vikao vitano. Watu wanatumia hofu hiyo kwa mjumbe ambaye hajafundishwa kwa sababu wanajua hatauliza ni tarehe ngapi.

Na hapo ndo nakuja kwenye swali lako la mwisho, lile la kutofundishwa, maana naona umeliweka mwisho kama jambo dogo wakati kwangu mi ndo mzizi. Hizi bodi za sekondari na kamati za msingi hazikuanzishwa kwa hisani ya mwalimu mkuu, ziko kwenye Sheria ya Elimu, Sura ya 353. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati, mjumbe si mfanyakazi wake. Kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima vilipofutwa serikali inaleta hela za uendeshaji moja kwa moja akaunti ya shule. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 inakatwa huko juu ya vitabu na 6,000 inatakiwa ishuke shuleni. Chukua watoto wenu 300, zidisha, ni 1,800,000 kwa mwaka, yani 150,000 kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogomdogo, vyote humo. Sasa mjumbe ambaye hiyo hesabu hajawahi kuonyeshwa ataulizaje ikiletwa 90,000? Ataitikia tu, kama ulivyoitikia. Na huo FFARS uliousikia ni mfumo wa kihasibu ambao shule na zahanati zinaandikia mapato na matumizi yake kwenye kompyuta, ulianza 2017, wala si siri ya walimu, taarifa yake inatolewa kwa karatasi na kamati inatakiwa iione.

Kwa hiyo mafunzo usiombe kama mtu anaomba lifti. Nenda kwa afisa elimu kata na barua fupi, andika tarehe, sema wajumbe tisa wa kamati hawajapata mafunzo yoyote tangu wachaguliwe, mnaomba mwongozo wa kamati za shule na siku moja ya kufundishwa, nakala mpe katibu wa kamati, we baki na yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mkoa wetu si mgeni na mambo haya, mradi wa kuboresha elimu wa EQUIP-Tanzania ulipita Dodoma kuanzia 2014 mpaka 2020 na kamati nyingi zilifundishwa, ndo wakati ule ushirikiano wa wazazi na walimu ulikuwa unasikika mashuleni. Tatizo wajumbe waliofundishwa wamemaliza muda wao wameondoka na madaftari yao, waliokuja baada yao wakakuta viti vitupu. Mafunzo yanatakiwa yafuate kila kamati mpya, sio mara moja mradi ukiwa na hela. Kuna ADEM pia, wakala wa serikali wenye chuo Bagamoyo, kufundisha uongozi na usimamizi wa elimu ndo kazi yao na kamati za shule wameshazifundisha, halmashauri inaweza kuwaomba. Lakini msisubiri Bagamoyo. Siku moja chini ya mti, afisa elimu kata, mwalimu mmoja anayejua hesabu za shule, na mtu wa TAKUKURU wa wilaya, wale wa kuzuia rushwa, hao wana programu yao ya TAKUKURU Rafiki wanashuka mpaka kwenye kata kusikiliza watu. Ombeni wawafundishe kusoma taarifa ya mapato na matumizi, manunuzi yanakwendaje, mgongano wa maslahi ni nini, na ulinzi wa mtoto. Hilo la mwisho mnalisahau sana, mambo ya watoto yanayosemwa kwenye kikao, nani kapata mimba, nani kwao hali mbaya, yanaishia kikaoni. Nimewahi kuona binti aliyeruhusiwa kabisa kurudi shule akakataa kwa aibu kwa sababu mjumbe alimtangaza kisimani.

Sasa la shemeji. Nimeliona umeandika ndo linaumiza zaidi na nakuelewa, pesa ya ndugu ukiigusa umegusa sufuria la nyumbani. Ila tenganisha vitu viwili. Kwanza shemeji kuuza mchanga shuleni si dhambi, kijijini kwenye pawatila mbili utafanyaje, atauza nani? Kosa ni wewe jina lako kuwemo kwenye kikao kilichompa kazi bila kusema huyu ni shemeji yangu. Ingekuwa umekuwepo ulitakiwa useme mapema kabla ajenda haijafunguliwa, jamani huyu ni mdogo wa mume wangu mi natoka nje, unatoka, unakaa hata chini ya mwembe, wanaamua, unarudi, na muhtasari unaandika kwamba ulitoka. Hata ukikaa kimya bila kuchangia haitoshi, watu wataongeaje bei ya shemeji yako wanakuangalia usoni?

Pili ni bei, na hiyo ndo tabu. Siku hizi manunuzi ya serikali yanatakiwa yapitie NeST, mfumo wa mtandaoni ulioanza kutumika 2023, shule zinazojenga kwa mafundi wa kijijini nazo zimo. Uliza tu, kwa upole, mbele ya wajumbe, hii kazi imepita NeST? Wengine walioleta bei ni kina nani? Huhitaji kumtuhumu shemeji. Na kwa baba watoto ongea naye usiku mmoja mkiwa wawili bila kelele, mwambie hivi, mkaguzi akija ataita jina langu na jina la mdogo wako kwenye karatasi moja, na mimi nimeandikwa nilikuwepo siku ambayo wewe mwenyewe ulinisindikiza stendi kwenda msibani. Naamini ataelewa, mume aliyeoa mke anayesoma anajua thamani yake hata kama saa hizi kanuna. Shemeji naye akubali kushusha bei ifanane na anayowauzia majirani. Akishusha kwa hiari, kwa maandishi, kabla hajadaiwa, pawatila yake itaendelea kuzunguka kijijini bila maneno.

Muhtasari ule usiuache. Andika karatasi kwa katibu, mistari minne inatosha, kwamba tarehe fulani nilikuwa Mpwapwa kwenye msiba, sikuhudhuria, sahihi niliyoweka niliiweka baadaye kwa kutokujua, naomba muhtasari urekebishwe na ajenda ya mchanga na kokoto irudishwe kikaoni. Mpe mkononi. Usiende kwa jazba wala usimwite mwizi, inawezekana mwalimu mkuu naye kabanwa na halmashauri imalize vyoo kabla mvua za Desemba hazijaanza na hana mtu wa kumsaidia, walimu wakuu wetu wanabeba mengi peke yao na hilo nalisema kwa kuwaonea huruma kweli. Akirekebisha mmemaliza. Akikataa nenda afisa elimu kata, ikishindikana afisa elimu wa wilaya. Na ukiona karatasi zinaanza kupotea au unatishwa, TAKUKURU namba yao ni 113, haina malipo, sheria yao ni ya 2007, na kuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sikuombei ufike huko, nataka tu ujue kwamba mlango upo.

Nimeliacha debe makusudi nilijibu nikiwa nimetulia. Mwanangu, tufanye hesabu ya jikoni. Debe la mahindi tulikadirie kilo 18, kumi ni kilo 180. Kikombe cha uji cha mtoto kinakula kama gramu 50 za unga, pumba tusizihesabu. Hiyo ni vikombe 3,600. Watoto 300, ni siku 12 za uji kwa shule nzima. Mwanao anayesema uji mwepesi, siku 12 zake ziko zimegawanywa kwenye nyumba tisa hapo kijijini na moja iko pembeni ya kinu chako.

Yale mahindi si ya serikali, hata ruzuku haimo humo. Ni ya mama mwenzio ambaye naye mvua zilimkatikia, akapima debe la mwanae kabla hajapima la nyumbani. Michango ya lazima ilishafutwa, hawa walichanga kwa kukubaliana kwenye mkutano, kwa kuamini. Wakisikia wajumbe walijigawia, mwakani hamna atakayeleta hata kibaba, na huku kwetu mvua inanyesha msimu mmoja tu, kuanzia Januari hadi Machi kuna nyumba uji wa shule ndo chakula cha kwanza cha mtoto kwa siku.

Najua mwenyekiti hakusema uongo wote. Kweli hamlipwi, kweli mnaacha mashamba. Kama wajumbe wanastahili asante basi jambo hilo lipelekwe mkutano wa wazazi liongelewe mchana kweupe, wazazi wakisema wajumbe wapewe kitu wapewe, wakisema hapana basi ni hapana. Kujigawia stoo jioni wakati wenye mali wameshaondoka, hilo halina jina zuri hata ukilitafutia.

Kwa hiyo lirudishe, na lirudishe wewe kwanza bila kusubiri wenzako wanane. Usiende usiku. Usimwachie mlinzi getini. Nenda asubuhi wakati mwalimu wa chakula yupo na wapishi wapo, sema nilichukua debe siku ya kupima, nalirudisha, naomba mniandikie. Hakikisha limeingia kwenye daftari la stoo, tarehe, debe 1, jina lako, na anayepokea asaini. Halafu kikao kijacho lisemee, useme mimi nimerudisha, usitaje fulani hajarudisha. Nadhani wawili watatu watakufuata wiki hiyohiyo, mmoja au wawili watakuchukia kwa muda, hao wavumilie.

Kama umeshatoa hata kibaba kwenye lile debe lijaze kwanza, pima kwa debe lilelile la shule sio ndoo yako ya maji. Na kitu kimoja nakusihi kama mzazi kwa mzazi, usimtume mwanao alibebe. Wenzake watauliza la nini na yeye hatajua ajibu nini, libebe mwenyewe.